Afande, miaka 43 hujachelewa kusoma sheria

Pole na hongera kwa kustaafu salama afande, nimekusoma vizuri, unataka sheria, halafu siasa, na mwisho ujaji, na ndugu wanakucheka. Wasikuumize. Mimi nilitoka jeshini nikaanza LLB (shahada ya sheria) Chuo Kikuu Huria, nilikuwa nasoma usiku mezani jikoni, watoto wakishalala, na kilichonibeba ni ile nidhamu ya lindo.

Msome Abner Mikva wa Marekani. Alikuwa jeshi la anga vita kuu ya pili, akamaliza sheria Chicago 1951. 1948, bado mwanafunzi, aliingia ofisi ya chama mtaani kujitolea, akaulizwa nani kakutuma, akasema hakuna, jamaa akamwambia hatutaki mtu asiyetumwa na mtu. Hakukata tamaa, akawa mbunge kwenye bunge la jimbo la Illinois, halafu Bunge la taifa, na 1979 akawa jaji wa rufaa Washington.

Sasa kwako, degree peke yake haikufanyi wakili, lazima upite Law School of Tanzania (chuo cha mafunzo ya uwakili kwa vitendo), na pale watu wanafeli sana, jipange. Ujaji unataka sifa za uwakili kwa miaka isiyopungua 10, kwahiyo piga hesabu ya umri mapema. Na Katiba inakataza jaji au hakimu kujiunga na chama, so siasa itangulie.

Kiinua mgongo usikimalizie kwenye ada tafadhali, jenga kwanza. Na kabla hujalipa chuo chochote hakikisha TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) wanakitambua, halafu kaa na wakili mmoja mzoefu akueleze ukweli wa kazi.