Paka wa karatasi hakai kwenye penseli: Mwalimu anajibu

Mwezi uliopita niligusia kwa mistari michache tu wale wanyama wa karatasi wanaovalishwa juu ya penseli za watoto. Barua zilizokuja zimenionyesha kwamba mistari ile haikutosha. Nimechagua nne, na ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu karibu kila aliyeniandikia ana shida hiyohiyo.

*Shikamoo mwalimu. Mwanangu yuko darasa la kwanza na anatafuna penseli mpaka mbao inatoka nyuzinyuzi. Nikaona nimtengenezee kichwa cha mnyama akivalishe juu, akose pa kutafuna. Nilikunja paka tuliyefundishwa shuleni: pembetatu, ncha ya juu unaishusha, kona mbili unazipandisha ziwe masikio, unageuza. Sura imetoka nzuri, lakini penseli haina pa kuingia. Nilimbandika kwa selotepu kwa nyuma, haikufika jioni akang'oka. Nimekosea wapi?*
*Mama wa mtoto mmoja, Morogoro*

Marahaba, mama. Kukunja hujakosea. Paka huyo ametengenezwa kwa kazi nyingine, ya kubandikwa kwenye kadi au ukutani. Mshike umgeuzegeuze utaona: mkunjo wa kwanza kabisa, ule wa kona kwa kona, uko chini ya kidevu chake. Hapo karatasi imefungwa. Mfuko anao, ila mdomo wa mfuko ulikuwa unatazama juu, na uliposhusha ile ncha ukauziba. Penseli nayo inataka kuingilia chini. Ndiyo maana kabla sijafikiria masikio wala macho huwa najiuliza kwanza mdomo wa mfuko unatazama wapi.

Jambo hili mimi nililijua kwa kuchelewa. Nimefundisha madarasa ya chini hapa Tanga kwa miaka mingi, na mara ya kwanza kuwatengenezea watoto wanyama hawa niliwabandika wote kwa gundi kwa nyuma. Ilipofika mapumziko ya saa nne vichwa vilikuwa vimezagaa sakafuni, na mtoto mmoja amekishika cha kwake mkononi analia kimyakimya. Jioni ile nilikaa nyumbani na mkasi mpaka nikapata njia hii.

Chukua kipande cha karatasi cha mraba, sentimita 7 kwa 7. Kikunje kona kwa kona upate pembetatu. Sasa igeuze: mkunjo mrefu uwe juu, ncha iwe chini kama mtandio uliokunjwa. Penya kidole kwa chini, katikati ya tabaka mbili za karatasi. Huo ndio mfuko wako, na mdomo wake unatazama penseli inakotokea.

Masikio ya paka bado utayapata. Kwenye ule mkunjo wa juu, pima sentimita 2 kutoka kona ya kushoto, weka alama ndogo. Kwenye ubavu wa kushoto, pima sentimita 1 na nusu kutoka ncha ya chini, weka alama ya pili. Kunja kufuata mstari unaounganisha alama hizo mbili, tabaka zote mbili kwa pamoja. Kona itapanda na kuchungulia juu ya kichwa, sentimita moja na nusu hivi, na hilo ni sikio. Fanya vivyo hivyo kulia. Usishtuke ukiona sehemu kubwa ya kona imelala juu ya uso, kwa sababu sasa unamgeuza na yote hiyo inabaki kisogoni. Mbele unabaki na uso safi wa kuchora macho.

Imebaki ncha ya chini, na hapa ndipo watu wanapoziba mfuko kwa mara ya pili. Usizikunje tabaka mbili pamoja. Zitenganishe kwa ukucha. Ya mbele ikunje kidogo kuja juu, iwe pua. Ya nyuma ikunje kwenda kisogoni. Chini panabaki uwazi wa kama sentimita 2, na penseli ya kawaida ina unene wa milimita 7 hivi, kwa hiyo inapita bila kulazimishwa.

Ukimvalisha sasa hivi atakaa, lakini atayumba, maana mfuko ni mpana kuliko penseli. Mtengenezee shingo. Kata utepe wa karatasi, upana sentimita 1.7, urefu sentimita 7. Uviringe kwenye kitako cha penseli, upande ule ambao paka atakaa. Utazunguka karibu mara tatu. Paka gundi mwisho wa utepe peke yake, na kabla haijakauka uzungushe huku na huku uhakikishe haujashikana na penseli. Ukikauka, uchomoe. Utapata kijibomba kigumu kinachoibana penseli bila kuing'ang'ania. Kipake gundi ubavu mmoja, kiingize ndani ya mfuko karibu na mdomo, kibandike kwenye tabaka ya nyuma. Bana kwa vidole mpaka uhesabu hamsini. Acha kikauke usiku kucha.

Kama penseli ina raba kwenye kitako, viringa utepe juu ya kile chuma kinachoshika raba, maana huwa kinene kidogo kuliko mbao. Ukiviringa kwenye mbao, kijibomba hakitavuka chuma, na utadhani umekosea vipimo.

Mbwa ni rahisi zaidi, kama unataka kuanzia hapo. Pembetatu ni ileile, mkunjo juu, ila kona unazishusha chini kwa mshazari kama masikio yaliyolala, na humgeuzi. Mbele ndiyo sura. Ncha unazitenganisha kama nilivyosema.

Na kuhusu kutafuna, mama, kaa naye siku mbili tatu za mwanzo. Ukiona paka naye anaingia mdomoni, mvue. Karatasi yenye gundi na rangi si ya kutafunwa. Mara nyingi mtoto akimpa mnyama jina anaacha mwenyewe. Nimeliona hilo kwa macho yangu.

*Mwalimu mwenzangu, nina darasa la pili lenye watoto 54. Penseli zao zote zinafanana na kila siku natatua ugomvi wa "hii yangu, hii yangu". Nataka kila mtoto awe na mnyama wake, lakini karatasi tunazopewa ni za kuhesabu. Nitahitaji ngapi? Na nikiulizwa kwa nini tunachezea karatasi wakati wa somo, niseme nini?*
*Mwalimu, Muheza*

Karatasi 6 za A4 zinatosha, mwalimu, na nakupa hesabu yake uifanye na watoto ubaoni.

A4 ina sentimita 21 kwa 29.7. Upande mfupi weka alama kwenye 7 na 14. Upande mrefu weka kwenye 7, 14, 21 na 28. Unapata miraba 12, na pembeni kunabaki utepe wa sentimita 1.7 wenye urefu wa 21. Usiutupe! Ukate mara tatu, una shingo tatu tayari. Karatasi 5 zinakupa miraba 60 na shingo 15. Karatasi ya 6 ikate yote iwe shingo: tepe 17 za upana wa 1.7, kila moja mara tatu, ni 51. Jumla una shingo 66 kwa watoto 54, na akiba ya watakaoharibu. Wataharibu, na wasigombezwe kwa hilo.

Ila usiwape mraba wa sentimita 7 siku ya kwanza. Vidole vya mtoto wa miaka saba au minane bado havijatulia. Siku ya kwanza tumia magazeti ya zamani, mraba wa sentimita 21, na kwenye mraba huo kila kipimo nilichotaja kizidishe kwa tatu. Wakunje mpaka mkono uzoee, hata siku tatu. Ndipo ushuke.

Waonyeshe pia namna ya kushika, maana wengi hukimbilia kukandamiza. Kona ifike juu ya kona kwanza, ishikwe kwa vidole viwili vya mkono mmoja bila kugusa mkunjo. Halafu kidole gumba cha mkono wa pili kianzie katikati ya mkunjo na kutelezea nje, kushoto kisha kulia. Mwisho ukucha upite. Mtoto anayeanzia pembeni karatasi humkimbia, na mkunjo unapinda. Nilikuwa na mwanafunzi ambaye kila kitu chake kilitoka upande, mpaka siku moja nikakaa nyuma yake na kumtazama mikono. Alikuwa akiachia kona kabla ya kukandamiza. Tulirekebisha hilo tu, na wiki ile akawa ndiye anayewasaidia wenzake.

Ukiulizwa, jibu lako lipo wazi. Friedrich Fröbel, Mjerumani aliyeanzisha shule ya watoto wadogo huko Bad Blankenburg mwaka 1837 na kuipa jina la Kindergarten mwaka 1840, aliiweka kazi ya kukunja karatasi ndani ya mafunzo yake. Mraba ukikunjwa kona kwa kona, mtoto ameshika nusu mkononi. Ameona pembe mraba ikigawanyika mara mbili. Amepima kwa rula na kugawanya 21 kwa 7 kwa sababu anamtaka mbwa wake, na hesabu ya namna hiyo haihitaji kumsukuma mtoto. Mwandikie kila mmoja jina kisogoni mwa paka, au ndani ya sikio la mbwa lililolala. Ugomvi wa penseli utapungua.

*Mwalimu, nimeona michoro ya kukunja karatasi yenye mistari ya vijistari na mingine ya vijistari na nukta. Sielewi tofauti. Naomba unifafanulie.*
*Kijana wa kidato cha pili, Unguja*

Mstari wa vijistari vitupu unamaanisha karatasi ikunjwe kuja kwako, mkunjo ukae kama bonde. Vijistari vikichanganyika na nukta, karatasi inakwenda nyuma, mkunjo unakaa kama mgongo wa mlima. Mishale inaonyesha karatasi inaelekea wapi.

Alama hizi zinatokana na kazi ya Akira Yoshizawa, Mjapani aliyezaliwa mwaka 1911 na kufariki mwaka 2005, aliyeanza kuzitumia katika vitabu vyake miaka ya 1950. Ujanani alifanya kazi kiwandani, na alitumia kukunja karatasi kuwaelewesha wafanyakazi wenzake jometri. Nampenda kwa hilo. Alama zake zimemwezesha mtu asiyejua neno moja la Kijapani kufuata mchoro mwanzo hadi mwisho. Ukirudi kwa paka wetu hapo juu, ncha ya mbele inayokuja juu ni bonde, na ile ya nyuma inayokwenda kisogoni ni mlima. Chora mwenyewe hatua zake kwa alama hizo. Ni zoezi zuri, na mdogo wako ataweza kulifuata bila wewe kuwapo.

*Mwanangu, mimi ni bibi, nakaa na wajukuu watatu. Huku kwetu karatasi zinalainika kama mkate uliolowa, mkunjo haushiki. Nimejaribu ya kalenda, inapasuka na kuacha mstari mweupe. Nimejaribu ya manila, hainipindi. Nitumie ipi?*
*Bibi, Mombasa*

Shikamoo bibi. Hapa Tanga tunapumua hewa hiyohiyo ya bahari, na wakati wa masika karatasi iliyoachwa mezani inanyonya unyevu usiku mzima. Karatasi zako zitie kwenye chombo cha plastiki chenye kifuniko, ukifunge, ukiweke kabatini. Kunja mchana, saa sita au saa saba, jua likiwa limekausha nyumba. Asubuhi mapema usihangaike nazo.

Kalenda ile ina ng'aro juu, na ng'aro ndiyo inayopasuka mkunjo unapopita. Manila ni nene mno kwa mraba mdogo. Gazeti ni la mazoezi tu, halibebi kichwa. Chukua karatasi ya kawaida ya kuchapia, ile ya gramu 80, hata iliyoandikwa upande mmoja. Maandishi yatakaa ndani, upande safi uwe sura. Karatasi ya kaki ya mifuko ya dukani nayo ni nzuri sana ukipata isiyo na mafuta: ni ngumu, inashika mkunjo, na mbwa wa kaki hahitaji hata kupakwa rangi.

Wajukuu wakimaliza, waambie wapake gundi kidogo, kiasi cha punje ya mchele tu. Gundi ikizidi, karatasi inalowa tena na ile kazi yote ya kukausha inapotea. Na kama kuna mdogo chini ya miaka mitatu hapo nyumbani, vile vipande vya kukatia viokoteni vyote kabla hajaamka.