Ikweta haikupigiwa kura: barua kwa mwanangu msanifu

Chang'ombe, Dar es Salaam

Mwanangu,

Shikamoo yako nimeipata. Marahaba, na Dodoma na baridi yake iwe salama kwako.

Umeniandikia kwamba mteja wako wa Kigamboni amekupa kiwanja na fedha za kutosha, halafu akakwambia, "Chora unavyotaka, nakuachia uhuru wote." Tangu siku hiyo umekwama, karatasi iko tupu. Unaniuliza uhuru huo unaanzia wapi, na kama mtu anayebuni kitu yuko huru kweli au anajidanganya. Umemuuliza mwalimu wa jiografia aliyestaafu, kwa hiyo jibu la jiografia utalipata, utake usitake.

Kwanza, mteja wako hakukuachia uhuru wote. Hana uwezo huo. Kiwanja chake kiko nyuzi 6 na dakika 50 hivi kusini mwa Ikweta, na mengi yameshaamuliwa hapo kabla yeye hajakilipia.

Unakumbuka nilivyokuwa nikiwachosha na latitudo na longitudo hadi mezani. Wanafunzi wengi huziona ni mistari ya aina moja, huu umelala na ule umesimama. Mimi sikubali. Ikweta haikuamuliwa na mtu. Dunia inazunguka kwenye mhimili wake, ncha mbili ziko pale zilipo, na katikati yake lazima pawe na Ikweta. Hata binadamu asingekuwepo, ingekuwa palepale. Longitudo ya sifuri ni habari nyingine kabisa. Mwaka 1884 wajumbe wa nchi mbalimbali walikaa Washington, wakabishana, wakapiga kura, wakakubaliana ipite Greenwich, Uingereza. Wafaransa hawakuunga mkono, wakaendelea na mstari wao wa Paris mpaka 1911. Ingepitishwa Bagamoyo, ramani zingekuwa sahihi vilevile, na sisi tungeringa.

Basi chukua karatasi yako tupu. Kila unapofikiria ukuta, dirisha au paa, jiulize: hili limeamuliwa na jua, au lilipitishwa na watu kikaoni?

Tuanze na la jua, maana ndilo lisilobishika. Hapa kwetu jua la mchana halikai upande mmoja. Kuanzia mwanzoni mwa Machi hadi karibu tarehe 10 Oktoba linapita kaskazini mwetu; miezi iliyobaki linapita kusini. Siku linapobadili upande, linakuwa utosini kabisa. Oktoba nilikuwa nawatoa wanafunzi nje, saa sita na dakika kama kumi za mchana, tunauzunguka mlingoti wa bendera. Kivuli cha mlingoti kinarudi nyuma, kinajikusanya, mwisho kinabaki kidogo tu kwenye saruji pale shinani. Kila mtoto anainama kutafuta kivuli chake na kukuta amekikanyaga. Somo ambalo ubaoni lilinitoa jasho, pale uwanjani lilieleweka bila mimi kufungua mdomo.

Sasa peleka hilo kwenye kiwanja. Juni, jua la mchana linasimama upande wa kaskazini, nyuzi 60 hivi juu ya upeo wa macho. Ukilitoa paa mita moja na nusu nje ya ukuta wa kaskazini, kivuli chake saa hiyo kinashuka kama mita 2.6, dirisha zima limefunikwa. Desemba jua liko kusini lakini juu zaidi, nyuzi 73. Upande huo mita moja inakutosha, inakupa kivuli cha zaidi ya mita tatu. Ndiyo maana kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini. Mashariki na magharibi paa halikusaidii sana, kwa sababu jua linakuja chinichini, linaingia mpaka uvunguni. Na kati ya hizo mbili, mwenye kuogopwa ni magharibi. Asubuhi ukuta bado una ubaridi wa usiku. Jioni nyumba imeshashiba joto la siku nzima, halafu unaiongezea. Kile chumba mlichokuwa mkilala, weka kiganja ukutani saa mbili usiku uone.

Mteja atataka kuona bahari, na bahari ya Kigamboni iko mashariki. Mpe, ila kwa baraza pana. Upepo nao usiusahau: kaskazi huja kutoka kaskazini-mashariki, kama Desemba hadi Machi, na kusi kutoka kusini-mashariki katikati ya mwaka. Dirisha la kuingizia upepo liwe na mwenzake wa kuutolea.

Ile picha ya nyumba ya vioo uliyonitumia ni nzuri, sikatai. Lakini ilizaliwa latitudo nyingine. Msanifu wa Helsinki, huko nyuzi 60 kaskazini, Juni ana karibu saa 19 za mwanga na Desemba hazifiki 6. Yeye analitafuta jua aliingize ndani kama mgeni wa heshima. Kwetu mchana mrefu kuliko yote na mfupi kuliko yote havipishani hata saa moja, na kazi yako ni kulizuia mlangoni. Pita Posta utazame yale maghorofa ya vioo yenye mapazia yaliyofungwa mchana kutwa, taa zinawaka na viyoyozi vinanguruma. Wamenunua mwanga kisha wakaufunika.

Utaniambia, basi Mama, uhuru haupo. Nenda Soko la Kariakoo, lile alilolichora Beda Amuli, likafunguliwa mwaka 1975. Achana na wauzaji, inua macho. Lile paa la miavuli ya zege iliyopinduliwa linatupa kivuli, linapitisha hewa, na mvua inashuka katikati ya kila mwavuli. Yote matatu yalidaiwa na mahali. Umbo lenyewe halikudaiwa na yeyote. Jua linadai kivuli. Halikumwambia Amuli kivuli kiweje. Hapo ndipo alipokuwa huru, na ona alivyopatumia.

Sehemu ya pili ni yale yaliyopitishwa na watu, na huku usiende kichwakichwa. Unakijua kisa cha washairi wetu. Mwaka 1954 Kaluta Amri Abedi, ambaye baadaye alikuwa Meya wa jiji letu hili, alichapisha sheria za kutunga mashairi: vina vya kati na vya mwisho, mizani 16 katika mstari, nane kwa nane. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi akatoa *Kichomi*, mashairi yasiyofuata vina wala mizani, na ugomvi ukawaka. Wengine waliapa kwamba kile si kitu cha kuitwa shairi. Mimi ni mtu wa vina, unanijua, shairi lisiloimbika halinikai. Lakini nikiwa mkweli, hakuna kitu angani kinachodai mizani 16. Ilipangwa na watu, na walikuwa na sababu: shairi lilikuwa la kuimbwa, na wimbo unataka pumzi zilingane. Shairi lilipohamia kwenye kitabu, likasomwa kimyakimya na mtu mmoja chumbani, ile sababu ilipungua nguvu. Kezilahabi aliliona hilo. Wengi waliomwiga waliona tu kwamba kumbe vina vinaachika, wakaviacha, na kazi zao sikumbuki hata moja.

Kwa hiyo kanuni ya watu itafutie sababu yake kwanza. Nyumba zetu za Uswahilini zina ukumbi unaokata katikati, mlango wa mbele mpaka uani. Sababu ni upepo, na bado ipo. Tena zinatazama barabara hata kama barabara iko magharibi. Sababu ni baraza, salamu za majirani na biashara ndogo ya mlangoni. Kigamboni, kwenye kiwanja cha mtu aliyezungushia ukuta mrefu, sababu hiyo imeshakufa. Geuza nyumba upendavyo.

Halafu kuna hii mitindo ya sasa ya paa lililofichwa nyuma ya ukuta, kila mtu anaitaka aonekane wa kisasa. Nimetafuta sababu yake nimeikosa. Imeondoa kivuli kwenye madirisha, na masika ya kwanza tu ukuta unachora michirizi myeusi. Mteja akikuomba hiyo, mwambie amekuachia uhuru wote na wewe umeamua kuutumia kukataa.

Masharti ya manispaa ya kuacha nafasi mpakani nayo yalipitishwa na watu kikaoni. Hayo usiyatafutie sababu, yafuate, maana yana faini.

Uliniuliza pia pa kuweka ngazi na stoo. Weka magharibi, pamoja na choo cha wageni. Hakuna anayekaa humo jioni akihema. Jikoni mbali na huko, moto juu ya moto haufai, na mpishi ni mtu.

Ukimaliza ramani ichapishe kwenye karatasi kubwa uje nayo mwenyewe. Ya kwenye simu siioni, na ukinikuzia naona choo peke yake.

Mama yako