Re: Niko Moshi, paneli za sola zilale digrii ngapi?

Mkuu, hiyo digrii 35 fundi wako aliyoiona YouTube ni ya kina Ujerumani huko, jua lao linapita chini. Sisi Moshi tuko digrii 3 na kidogo tu kusini mwa ikweta, jua la saa sita mchana mwezi wa 6 linainamia kaskazini kama digrii 27, Desemba linahamia kusini kama 20, kwahiyo kwa hesabu ya jua peke yake ungezilaza karibu flati. Ila usizilaze kabisa! Maji yanatuama kwenye ukingo wa chini wa fremu, yakikauka yanaacha utepe wa tope, seli za chini zikifunikwa umeme unashuka kweli. Weka digrii 10 mpaka 15, uso uangalie kaskazini, yaani hapo mjini ni kukielekea kilele cha Kibo tu. Kupima rahisi, kila mita moja ya paneli upande wa juu unyanyuke sentimita 17 hivi, hiyo ndo digrii 10.

Kama bati tayari lina mlalo huo lifuate tu, hata likiangalia mashariki hasara ni ndogo, acha nafasi ya kiganja chini hewa ipite maana paneli ikichemka inazalisha kidogo.

Mimi kilichonitesa sio engo, ni tawi la mwembe wa jirani, nimehangaika na betri wiki nzima kumbe kivuli kinaanza saa tisa. Panda juu saa mbili asubuhi na saa kumi jioni uangalie vivuli kabla fundi hajatoboa bati.