Maswali na majibu: Eti refa kawabeba tena?

Walioandika "refa mwizi" bila kutaja dakika wala tukio wasisubiri jibu. Wengine haya.

Mbona penalti kila siku ni za timu kubwa? – Mwenye Donge

Kwa sababu ndizo zinazokaa muda mwingi ndani ya boksi la penalti la wenzao. Ninyi mnabutua kutoka golini dakika tisini, mchezewe rafu wapi? Hesabu kwanza mmeingia boksi mara ngapi. Swali hili nimelijibu hadi nimechoka.

Kibao kilionyesha dakika 4 za nyongeza, refa akapeleka hadi 6, wakasawazisha. Huo si wizi?

Kibao kinaonyesha kiwango cha chini. Sheria ya 7 ya soka inamruhusu refa kuongeza, haimruhusu kupunguza. Na kipa wenu alijilaza mara ngapi ndani ya hizo nne?

Kwa hiyo kubebwa hakupo? – Shabiki Mchovu

Kupo. Ila mnakutafuta kwenye bahasha za rushwa wakati mara nyingi kumekaa jukwaani. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2002 uliwaonyesha waamuzi 40 video ya mechi moja, wengine wakisikia kelele za mashabiki, wengine kimya. Waliosikia kelele waliwahesabia wenyeji rafu chache zaidi, kwa kama asilimia 15. Mwaka 2020 viwanja vilipokuwa vitupu kwa sababu ya korona, ile tabia ya wageni kulimwa kadi kuliko wenyeji ilififia. Sasa nani anajaza uwanja kila wiki? Mkubwa. Anabebwa bila kutoa hata senti, na refa mwenyewe huenda hajui.

Bahasha nazo zipo, lakini haziendi kila mara mnakodhani. Agosti 2004 huko Ujerumani, refa Robert Hoyzer aliwapa Paderborn, timu ndogo, penalti mbili wakaipiga Hamburg 4-2 kwenye kombe. Waliomnunua ni wacheza kamari, na aliyelia siku hiyo ni mkubwa. Kwa hiyo refa akivurunda, uliza pia mkeka wa kamari wa nani umetiki. Wewe uliyeweka mkeka halafu unaniandikia kuhusu haki, nimekusoma.

Italia 2006 ndiko kwenye somo. Juventus walishushwa daraja na kunyang'anywa mataji mawili, na kiini cha kesi kilikuwa simu za viongozi kwa wanaopanga waamuzi. Badala ya kumzomea mshika kibendera, ulizeni nani anapanga waamuzi wa ligi yenu, na ripoti zao anazisoma nani.

VAR, yaani waamuzi wa video, ikija dhuluma si itakwisha?

Waulize Liverpool. Septemba 2023 dhidi ya Tottenham, Luis Díaz alifunga bao halali, kibendera kikasema kaotea. Mwamuzi wa video aliona hakuotea, lakini akadhani bao limekubaliwa uwanjani, akasema "tumemaliza", mpira ukaendelea. Wakalala 2-1, na ukubwa wao wote. Kilichonifurahisha ni kwamba mazungumzo ya chumba kile yalitolewa hadharani. Mkidai mashine, daini na sauti zake.

Na refa akiwa anatuchukia tu, tufanyeje?

Klabu iandike malalamiko rasmi, yenye dakika na video, kabla muda wa kanuni haujapita. Kulia redioni hakuhesabiki.

Tumeipata namba ya simu ya refa wa Jumapili. Tuisambaze?

Hapana. Nimeifuta kwenye ujumbe wako. Ifute na wewe.