Fyuzi ya kifaa cha samaki inaungua ukiwasha taa

Ndugu yangu wa Mtera, umesema fyuzi ya ampea 3 ya kifaa cha kutafutia samaki inaungua kila ukiwasha taa, na fundi kakushauri uweke ya 15. Usiweke, tafadhali. Kazi ya fyuzi ni kulinda waya. Hiyo ya 15 itauacha waya mwembamba ushike moto kabla yenyewe haijakatika, nawe uko katikati ya bwawa kwenye boti ya mbao.

Umeunga taa kwenye waya uleule, ndiyo shida. Taa ya wati 36 kwenye betri ya volti 12 inakula ampea 3 peke yake. Ivutie waya wake kutoka kwenye betri, wa milimita za mraba 2.5, na fyuzi yake ya ampea 5. Kifaa kibaki na yake ya 3. Fyuzi zote zikae upande wa chanya, sentimita 18 hivi kutoka kwenye betri au karibu zaidi, maana kipande cha waya kabla ya fyuzi hakina ulinzi wowote.

Nunua waya wa nyuzi nyingi. Ule mgumu wa nyumbani, wa uzi mmoja, hukatikia ndani kwa mtikisiko wa injini na ganda likabaki zima. Na usisokote waya ukazungushia selotepu. Bana vichwa vya shaba kwenye ncha za waya, paka grisi.