Okestra ya filamu ya kuliza na kufurahisha: namna ya kuitengeneza ukiwa Mbeya au Iringa

Muziki wa filamu inayomliza mtazamaji kisha ikamwachia moyo mkunjufu hauharibiki kwa uhaba wa ala. Unaharibika kwa kuwahi. Violini zikianza kulia kabla mhusika hajalia, mtazamaji anahisi analazimishwa, na moyo wake unagoma. Kwa filamu ya dakika 90 tunashauri muziki wote usizidi dakika 40.

Usitunge kabla uhariri haujafungwa, maana sekunde mbili zikikatwa baadaye kila kitu kinahama. Uhariri ukishafungwa, kaa na mwongozaji muitazame filamu yote, na kwa kila mahali penye muziki mwandike unaanza saa ngapi, unaisha saa ngapi na upo kwa sababu gani. Pasipo na sababu, futeni.

Chukua tukio hili. Mama muuza viazi wa Uyole yuko stendi ya Nane Nane, anamsubiri binti aliyeondoka bila kuaga. Basi linaingia, binti anashuka, wanatazamana. Mama anajifuta uso kwa kanga, anasema, "Umekula?" Tukio zima ni sekunde 48. Wengi huachia okestra yote basi linapoingia, na hapo wameshamaliza akiba. Acha stendi isikike: wapiga debe, injini, honi. Selo moja, ile violini kubwa ya sauti nzito, iingie mama anaponyanyua kanga, ishike sauti moja ndefu, inyamaze kabla hajafungua mdomo. Wimbo mkuu uje baada ya swali lake, tena taratibu.

Hesabu inasaidia hapa. Kwa picha ya fremu 25 kwa sekunde, kasi ya mapigo 75 kwa dakika hulipa kila pigo fremu 20 kamili. Kipimo cha mapigo manne huchukua sekunde 3.2, kwa hiyo sekunde 48 ni vipimo 15. Picha zilizorekodiwa kwa simu mara nyingi zina fremu zinazopanda na kushuka. Zigeuze ziwe na kasi moja kabla ya kuhariri, la sivyo muziki utaachana na midomo polepole.

Wimbo mkuu uwe mfupi, unaoweza kuimbwa na mtoto. Tuseme kwa solfa ni s, d r m (so, do re mi). Filamu nzima uishie kwenye r, sikio libaki linaidai m. M hiyo itolewe mara moja tu, mwishoni, na okestra nzima. Furaha ya mtazamaji inatoka hapo zaidi kuliko kwenye ngoma kubwa.

Kuhusu ala: kwa kuandika nota, MuseScore ni bure, na Spitfire Audio wana toleo la bure la okestra ya kompyuta liitwalo BBC Symphony Orchestra Discover. Ala za nyuzi za kompyuta, kama violini na selo, hufichua uongo wake kwa mambo mawili. Kwanza huchelewa kuitika, hivyo anzisha nota ndefu mapema kwa milisekunde 50 hadi 100, ukisikiliza. Pili hubaki na nguvu ileile toka mwanzo hadi mwisho. Kwenye programu yako ya muziki, chora kidhibiti cha MIDI namba 1 (modulation) na namba 11 (expression) ili kila sauti ndefu ivimbe na kunywea.

Lakini usibaki na kompyuta peke yake wakati nyanda hizi zina kwaya na vikundi vya tarumbeta vya Wamoraviani na Walutheri. Wapulizaji wanne wa kweli juu ya nyuzi za kompyuta huifanya okestra yote iaminike. Kabla ya kuwaandikia, uliza wanasomaje nota: kwa kawaida trampeti ya B bemoli huandikiwa sauti moja nzima juu ya ile inayosikika, ila vikundi vingi vyenye mizizi ya Kijerumani husoma sauti halisi kama ya kinanda. Ukikosea hapo, siku nzima inapotea. Kwaya waandikie solfa. Warekodi mara mbili, na mara ya pili wabadilishane nafasi; watu 12 watasikika kama 24. Kunakili rekodi ileile huongeza ukubwa wa sauti tu.

Rekodi kati ya Juni na Oktoba, kwani mvua juu ya bati haifutiki. Juni na Julai ni baridi kali, na shaba ikiwa ya baridi sauti hushuka chini ya kinanda: wapulize dakika 15 kwanza, ndipo mpatanishe sauti. Kanisa la matofali na sakafu ya saruji lina mwangwi mwingi. Tundika mablanketi ukuta wa nyuma, maiki ikae mita mbili hadi tatu kutoka kwa wapulizaji. Nota ya mwisho ikiisha, wote watulie sekunde tano kabla ya mtu kukohoa.

Chini ya maongezi, epuka violini za juu na wimbo unaotembeatembea. Konsonanti husikika zaidi kati ya hezi 1,000 na 4,000, na violini hujaa papo hapo. Selo na viola (violini kubwa kidogo, ya sauti ya kati) zishike sauti ndefu.

Unapokabidhi, toa nyuzi, tarumbeta, kwaya na ngoma kila kimoja kwenye faili lake la WAV, kilohezi 48, biti 24, yote yakianza sehemu moja. Usitume MP3, kwani huongeza ukimya mdogo mwanzoni na kuvuruga mpangilio. Wapulizaji na wanakwaya wasaini makubaliano ya malipo siku hiyohiyo ya kurekodi, na muziki usajiliwe COSOTA, ofisi ya hakimiliki Tanzania.

Kisha sikiliza kwa spika ya simu, maana wengi watatazama hivyo. Besi kubwa itakuwa imepotea; mpe selo nota zilezile oktava moja juu, na msingi wa wimbo utarudi.