Maswali yenu: "Didactic" ni sifa au lawama?

Mhadhiri ameandika chini ya hadithi yangu kwamba ni "too didactic". Amenisifu kwa kuwa inafundisha?

Hapana, amekukosoa. Neno hili lilitoka kwenye kitenzi cha Kigiriki chenye maana ya kufundisha, na kiasili halina ubaya. Lakini mhakiki wa Kiingereza akilitumia kwa hadithi, tamthilia au filamu, mara nyingi analalamika kwamba mafunzo yamewameza wahusika: mama anaacha kuzungumza na mwanawe, anaanza kumhutubia msomaji. Ukiona na "too" imetangulia, usiwe na shaka tena. Ningefasiri "inahubiri mno".

Wapo waliokwenda mbali zaidi. Edgar Allan Poe, mshairi na mhakiki wa Marekani, katika insha iliyochapishwa 1850, aliiita "uzushi" ile imani kwamba lengo la ushairi ni kufundisha, kana kwamba anayeishika ameasi dini. Naona alipitiliza. Hesiod wa Ugiriki ya kale alieleza kazi za shamba na majira yake kwa ushairi, na Mwana Kupona alimtungia binti yake utendi wa mawaidha mwaka 1858. Tungo zote mbili huitwa "didactic poetry", na hapo hakuna lawama hata chembe. Ni jina la aina ya ushairi. Kwa hiyo, kabla ya kufasiri, angalia neno limeambatana na nini.

Lina tofauti gani na "pedagogical"?

"Pedagogical" huhusu zaidi taaluma na mbinu za ufundishaji. Mjadala wa walimu kuhusu namna ya kumfundisha mtoto kusoma ni "pedagogical". Shairi linalomwonya kijana ni "didactic". Ukitaka kusifu makala iliyokupa maarifa, chagua "instructive". Mwandishi atafurahi.

Ratiba ya mafunzo ya uuguzi ina "didactic hours". Ndizo zipi?

Saa za masomo ya darasani, tofauti na za mazoezi wodini.

Hutamkwaje? Na "autodidact" ni jamaa yake?

Wengi husema dai-DAK-tik, mkazo ukiwa katikati. Na ndiyo, ni jamaa yake wa karibu: "autodidact" ni mtu aliyejisomesha mwenyewe bila mwalimu. Hilo ni nomino, si kivumishi, na kwa kawaida husemwa kwa heshima.